Chana kiriba kwanza: kwa vijana wanaoanza kupanda miti ya kivuli Mwanza

Juzi nimepita Nyegezi nikawakuta vijana wanashusha miche ya mwarobaini kwenye mashimo, viriba (mifuko ya nailoni ya kuoteshea miche) na vyote. Niliwasimamisha, tukachana pamoja, lakini roho iliniuma. Kosa hili nimelikuta kazini na naliona halitaki kustaafu. Wadogo zangu, nawapenda, ndiyo maana nasema kwa ukali kidogo.

1. Kiriba hakiozi. Kuna shule moja upande wa Ilemela ilipanda miarobaini uwanjani. Ilistawi vizuri, kivuli kikafika hadi mlango wa darasa, watoto wakawa wanakunywa uji chini yake. Ukaja upepo wa mvua za vuli, mmoja ukaanguka. Haukuvunjika hata tawi la maana. Ulilala mzima, kitako juu. Nikaitwa kuukatakata. Kabla sijawasha msumeno niliinama kuangalia mizizi, nikaona nailoni nyeusi imekunjamana, bado imeshika udongo uleule wa kitaluni. Nikaivuta. Ndani mizizi ilikuwa imezunguka na kusokotana, na mmoja mnene umepita kiunoni mwa shina ukalikaba hadi gome limebonyea. Mwarobaini ni mti wa kwenda chini kutafuta maji, lakini huu mzizi wake mkuu ulifika kwenye kitako cha kiriba, ukajikunja, ukaanza kupanda juu. Miaka yote ile mti mzima ulikuwa umesimama juu ya donge lisilozidi upana wa beseni.

Mwalimu mkuu akaniuliza, "Fundi, na hii mingine je?" Tukachimba pembeni ya kila mmoja. Nailoni ikaonekana kwa karibu yote. Mti ulianguka Jumapili, uwanja mtupu. Ingekuwa saa nne ya Jumatatu sijui tungekuwa tunazungumza nini. Miti ikakatwa, watoto wakarudi kwenye jua, na aliyeipanda alishalipwa kwa idadi ya miche zamani.

Kwa hiyo: wembe, chana toka juu hadi chini, kata kitako, nyoosha mizizi inayozunguka na iliyokomaa ikate. Na kitaluni acha kukimbilia mche mrefu. Mrefu ndani ya kiriba kidogo maana yake umekaa sana. Chukua mfupi mnene.

2. Panda vuli ikishakolea. Mche wa Novemba unapata vuli na masika kabla ya kiangazi cha Juni hadi Septemba. Januari na Februari utausaidia kwa ndoo. Mteja akitaka miti mwezi wa saba kwa sababu ana sherehe, mkodishie turubai.

3. Jua udongo uliosimama juu yake. Vilimani, Isamilo na Bugando, ni luseni, yaani udongo wa kichanga, juu ya mwamba: chimba shimo pana, weka samadi iliyooza, maji hayakai. Ukishuka kwenye mbuga, bondeni penye udongo mweusi wa mfinyanzi, mambo yanageuka, shimo lenu zuri linajaa maji na mizizi inaoza humo, kwa hiyo inua tuta, kisha panda juu yake. Matandazo weka, ila yaache mbali na shina kwa kiganja kimoja, mchwa hawahitaji daraja.

4. Picha za simu. Dada mmoja wa Capripoint aliyekuwa Ujerumani alinionyesha mti wa lindeni, ile iliyopanga mstari kwenye barabara ya Unter den Linden pale Berlin. Mti mzuri kweli: majani ya umbo la moyo, maua yenye harufu, nyuki hawatoki. Tena ni wa ukoo mmoja na mbuyu. Lakini umezoea majira ya baridi. Unapukutisha majani, unalala, unaamka joto likirudi. Mwanza hakuna baridi ya kuulaza. Usimuuzie mtu ndoto. Tulimpandia mkungu wa Madagaska (Terminalia mantaly), ule wa matawi ya ghorofa ghorofa, na sasa anapanga viti chini yake.

Hapohapo, msinakili vitabu vya Ulaya vinavyosema panda kusini mwa nyumba. Kule jua la mchana liko kusini. Sisi tuko karibu na ikweta, saa sita linatupita utosini. Juni limeegemea kaskazini, Desemba kusini. Linalochoma ukuta ni la saa tisa na saa kumi, kutoka magharibi. Mti uende magharibi.

5. Mkuyu na fikasi (ndugu za mkuyu) ziweke mbali kabisa na chemba na shimo la maji machafu. Mwembe usiwe juu ya bati wala maegesho. Ufukweni, sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ziwani, kwa hiyo mteja akikwambia "jenga kibaraza kisha zungushia miti", uliza kibali kabla ya kushika jembe.

6. Msikate kichwa cha mti ili "utanuke". Unatoa vichipukizi vingi vilivyoshikilia gome tu, na upepo wa ziwa unavichana. Toa matawi ya chini machache kila mwaka, kata karibu na shina bila kuumiza ule uvimbe wa shingo ya tawi, hadi mtu mzima aliyebeba ndoo kichwani apite bila kuinama.