Faili Lililokaa Folda Isiyo Yake

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni vijana watatu tunaoandika kwa lugha ya Java programu ya kutunza mauzo ya duka. Faili letu la Risiti.java limo katika folda ya hesabu, ilhali mstari wake wa kwanza unalitaja kuwa la pakeji, yaani kundi la msimbo, iitwayo mauzo. Mwenzangu anayeandikia msimbo katika programu ya Eclipse anaonyeshwa kosa jekundu. Mimi ninayetumia IntelliJ IDEA, programu nyingine ya namna hiyo, napata onyo tu na kazi inaendelea. Naye wa tatu, akiijenga kwa Maven, chombo cha kujengea programu za Java, anaambiwa ujenzi umefanikiwa. Tena, faili la majaribio tuliloliweka ndani ya src/test/mauzo halijawahi kushindwa, hata nilipoharibu hesabu ya kodi kwa makusudi. Tukiamini chombo kipi?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, tofauti hiyo imeanzia kwenye lugha yenyewe. Ufafanuzi rasmi wa Java hauamuru kwamba pakeji lazima iwe folda. Unaacha jambo hilo liamuliwe na mfumo unaohifadhi mafaili, na unakubali hata pakeji zikae katika hifadhidata. Folda zenye majina ya pakeji ni desturi iliyozoeleka, na kila chombo kimejipangia ukali wake katika kuilinda.

Kompaila ya javac, yaani programu inayougeuza msimbo wa Java uweze kuendeshwa, ikipewa faili moja kwa moja, hulisoma na kuliamini tamko la pakeji lililoandikwa juu yake bila kujali limetoka folda ipi. Mambo hubadilika pale inapolazimika kulitafuta yenyewe kwa sababu klasi nyingine, yaani kipande kingine cha msimbo, imelitaja: huenda kwenye folda yenye jina la pakeji, na ikikuta humo faili linalojitambulisha kwa pakeji nyingine, hulikataa na kukuagiza uliondoe au ulihamishie mahali pake. Maven huikabidhi kompaila orodha nzima ya mafaili yaliyomo ndani ya src/main/java, kwa hiyo Risiti.java lilipita bila kuulizwa, na klasi yake ikawekwa katika target/classes/mauzo kana kwamba chanzo chake nacho kilikuwa kwenye folda ya mauzo.

Kwa maoni yangu, fuateni Eclipse. Programu inafanya kazi leo, lakini mtu atakayeitafuta Risiti kesho ataifungua folda ya mauzo na kuikosa. Lihamisheni faili hilo.

Suala la majaribio ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Msipobadilisha mipangilio, Maven hutafuta majaribio ndani ya src/test/java pekee. Faili lenu lililo katika src/test/mauzo halikukaguliwa likaonekana zuri. Halikuonekana kabisa, halikukompailiwa wala kuendeshwa, na kwa kuwa hakuna klasi nyingine inayolitegemea, hakuna aliyelikosa. Kama mngelikosea mkaliweka katika src/main/java, huenda mngepata kelele mara moja, maana maktaba ya JUnit, inayotumika kuandikia majaribio, kwa kawaida huruhusiwa kwa msimbo wa majaribio tu, na ukompaili ungeshindwa. Ukimya wa namna hii unaweza kufikisha hesabu mbovu ya kodi kwa mteja, ilhali nyote watatu mnaamini imekwisha kupimwa.

Lipelekeni kwenye src/test/java/mauzo, kisha hakikisheni jina lake linaanza na Test, au linaishia na Test, Tests au TestCase, kwani hayo ndiyo majina ambayo Maven huyatambua bila kuelekezwa. Baada ya hapo rudia ulichofanya, yaani haribu hesabu kwa makusudi, usome idadi ya majaribio yaliyoendeshwa. Ulifanya vyema sana kupima hivyo. Picha na mafaili ya mipangilio nayo yakae katika src/main/resources, kwa sababu yakiachwa ndani ya src/main/java hayafungashwi pamoja na programu.

Ili ukali wa Eclipse uwafikie nyote watatu, ongezeni Checkstyle, chombo cha kukagua msimbo, kwenye mradi na muwashe ukaguzi wake uitwao PackageDeclaration, unaolinganisha tamko la pakeji na folda. Uwekeni katika validate, hatua ya mwanzo ya ujenzi wa Maven, na mwamuru kosa lake lisimamishe ujenzi, ili faili lililopotea njia likamatwe kabla kompaila haijaanza kazi.