Vipande vya Matufaha na Viungo: Maji Yaishie Kwenye Sufuria

Msomaji ametuma picha wiki hii. Ameoka vipande vya matufaha, vyenye unga chini na chenga za unga juu. Juu vimepata rangi nzuri, chini vimelowa kama mkate uliochovywa kwenye chai. Anauliza aongeze dakika ngapi kwenye oveni. Dakika hazitamsaidia. Tufaha ni maji kwa zaidi ya asilimia 80, na likiwekwa bichi juu ya unga, maji hayo yatashuka tu. Akiongeza muda, juu pataungua na chini patabaki vilevile. Maji yamalizwe kwenye sufuria kabla trei haijaingia ndani.

Tuanze na tunda lenyewe. Pwani ukisema tofaa, wengi wanafikiria lile jekundu lenye umbo la kengele. Hilo tuliache, ni la kuliwa bichi. Tunalolitaka ni lile ambalo sokoni wanaliita epo, na bora ni la kijani, Granny Smith, kwa kuwa ni gumu, kali, na halipondeki likipikwa. Ya Lushoto na Njombe yanafaa pia yakiwa bado magumu. Yale mekundu matamu yenye nyama laini yanageuka uji. Kama huna mengine, punguza sukari ya kupikia matufaha hadi gramu 40 na ongeza maji ya ndimu yawe vijiko viwili vya chakula.

Kwa trei ya sentimita 20 kwa 20, chukua gramu 600 za matufaha, kama manne ya wastani. Menya, toa kokwa, katakata vipande vya sentimita 1. Weka kwenye sufuria pana pamoja na sukari gramu 60, kijiko kimoja cha chakula cha maji ya ndimu, kimoja cha siagi na chembe ya chumvi. Usifunike, mfuniko unarudisha maji yaleyale unayoyafukuza. Pika kwa moto wa wastani dakika 8 hadi 10. Pitisha mwiko katikati: njia yake ikibaki wazi sekunde mbili tatu kabla ya kujifunga, maji yamekwisha. Koroga vijiko viwili vya chai vya konflawa kwa kijiko cha chakula cha maji baridi, mimina, acha ichemke dakika 1, epua.

Viungo vitie pamoja na konflawa. Ukivitia mwanzoni, harufu yote inapaa na mvuke, na nyumba ndiyo inayofaidi. Mdalasini kijiko kimoja na nusu cha chai. Ule uliojikunja kwa tabaka nyembamba una utamu wa upole, wa magome manene ni mkali, upunguze uwe kijiko kimoja. Iliki punje 6, toa maganda, twanga mbegu na kijiko cha sukari ili zisagike laini. Kungumanga robo kijiko cha chai, ikwanguliwe papo hapo. Karafuu ni 3 tu, zilizotwangwa. Hapo wengi huharibu, kwa kuwa karafuu ikizidi inatia ganzi ulimini na tufaha halisikiki tena. Tafadhali msiongeze.

Unga wa chini na wa juu ni mmoja: unga wa ngano gramu 250, sukari gramu 100, chumvi nusu kijiko cha chai, siagi gramu 150 ikiwa baridi kutoka kwenye friji. Pima kwa mizani. Kikombe kilichochotwa moja kwa moja kwenye pakiti kinashindilia unga, na unga ukizidi kipande kinakuwa kigumu na kikavu. Fikicha siagi kwa ncha za vidole mpaka upate chenga, usikande kama chapati. Kukanda kunavuta unga uwe na mnato, na siagi inayeyuka mkononi. Siagi laini za kupaka mkate zisitumike, nyingi zina maji mengi.

Tandika karatasi ya kuokea, ncha zake zining'inie nje ya trei. Shindilia theluthi mbili za chenga kwa kitako cha glasi, toboa kwa uma, oka kwa nyuzi 180 dakika 18 mpaka kingo zianze kubadilika rangi. Tandaza matufaha yaliyopoa, nyunyiza chenga zilizobaki bila kuzibana, rudisha dakika 30 hadi 35. Oveni ndogo za mezani zina waya wa juu karibu mno. Funika kwa foili kuanzia dakika ya 20. Kwa mkaa, weka trei ndani ya sufuria kubwa juu ya vijiwe, chini makaa machache, palia mengi zaidi juu ya mfuniko, na chungulia mapema.

Kukata ndipo subira inapotakiwa. Vikiwa vya moto vitabomoka, hata kama umefanya yote sawasawa. Acha saa 2 kwenye trei, kisha saa 1 kwenye friji, inua kwa zile ncha za karatasi, kata 16 kwa kisu kirefu, ukikifuta kila mkato. Kwa unyevu wa Dar au Mombasa, chenga za juu zikiachwa nje zinalainika siku hiyohiyo. Kwenye friji vinakaa siku 4. Kabla ya kuviandaa, virudishe kwenye oveni kwa nyuzi 160 dakika 8, bila kufunika.