Ndiyo, taa zinaathiri usahihi

Swali ni hili: je, mwanga wa chumba cha upasuaji unaathiri usahihi wa miwani ya uhalisia mchanganyiko, yaani miwani inayoonyesha picha za kompyuta juu ya vitu halisi, inayomwongoza daktari kwenye ubongo? Ndiyo, unaathiri. HoloLens 2, miwani ya Microsoft, kwa mfano, hujua ilipo kwa kamera 4 za mwanga wa kawaida zinazofuata kingo na pembe za vitu vilivyo chumbani. Kukiwa na giza kamera hazipati cha kushika, na picha ya uvimbe inaanza kuelea pembeni ya mahali pake. Mwanga mkali nao una lake: kiwango cha IEC, shirika la kimataifa la viwango vya vifaa vya umeme, kinaruhusu taa ya upasuaji ifike laksi 160,000 (laksi ni kipimo cha mwanga). Ikipiga kwenye alama ya miraba ambayo kamera huisoma ili kujua mahali pa kuweka picha, nayo imechapwa kwenye karatasi ya kung'aa, miraba myeusi inaonekana myeupe na programu inaipoteza. Chapeni kwenye karatasi isiyong'aa, jamani, ni jambo dogo lakini linasaidia kweli.

Ila kufifia si kuhama. Vioo vya miwani hii huongeza mwanga tu, haviwezi kuonyesha weusi, kwa hiyo chini ya taa kali picha hupauka hata ikiwa imekaa sawasawa. Hatari ni kwamba daktari asiyeona kingo za picha vizuri atachora mstari pasipo pake, na kwenye ubongo milimita 2 ni nyingi.

Tahadhari moja: fuvu likishafunguliwa na maji ya ubongo yakavuja, ubongo wenyewe husogea. Kosa hilo halirekebishwi kwa taa.