Makala imerudishwa kwa "Kiingereza kibovu": usikimbilie kulipa mhariri

Mkuu, umeuliza kama ulipie kampuni ya kunyoosha Kiingereza baada ya jarida kukurudishia makala na mstari mmoja tu: lugha haijafikia kiwango. Pole sana. Hauko peke yako: utafiti wa Tatsuya Amano na wenzake katika PLOS Biology mwaka 2023, uliohoji wanasayansi wa mazingira 908 kutoka nchi 8, Nigeria ikiwemo, ulikuta kuwa wasiozaliwa na Kiingereza hukataliwa kwa sababu ya lugha mara 2.5 hivi kuliko wenzao. Huo ni mzigo wa kweli, na inauma kuona kazi nzuri ya shambani ikikwama hapo.

Ila hela yako ishike kwanza. Makala yetu ya sumukuvu (sumu itokanayo na ukungu) kwenye mahindi ya Dodoma ilirudi na maoni kama hayo. Mwandishi mwenzangu, mama mmoja mzoefu, alifunika karatasi akaniambia, "Niambie kwa Kiswahili tumegundua nini." Nikamjibu: wakulima wanajua kukausha, lakini wanaingiza mahindi ghalani yakiwa na unyevu kwa kuhofia mvua na wezi. Akafungua makala; sentensi hiyo ilikuwa ukurasa wa kumi na kitu, chini ya majedwali. Tukaipandisha kwenye ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzo, na mwisho wa utangulizi, tukakata habari ndefu za umuhimu wa mahindi nchini, ndipo tukagusa sarufi. Mhakiki, yaani mtaalamu anayepimia jarida makala, anayetafuta hoja asiione mara nyingi huitupia lawama lugha.

Halafu mwandikie mhariri kwa heshima, uombe akuonyeshe sentensi zisizoeleweka. Akikutajia, unajua pa kuanzia. Kwa msaada wa bure kuna AuthorAID, mtandao wa kusaidia watafiti ulioanzishwa na shirika la INASP; wanakuunganisha na mtafiti mzoefu.

Akili mnemba kunyoosha sentensi majarida mengi yanaruhusu, ila soma masharti ya jarida lako na utaje ulivyoitumia. Na rasimu zako zote zitunze, zenye tarehe. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walijaribu programu saba za kunasa maandishi ya mashine. Kwa wastani zilihesabu zaidi ya nusu ya insha za TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa wasiozaliwa nacho, kuwa za mashine ingawa ziliandikwa na watu. Ukishukiwa bila kosa, rasimu ndizo ushahidi wako.

Weka ikisiri yako hapa, ondoa majina. Nitaipitia leo usiku.