Kadi ya bima haimwogeshi mama

Wiki hii maswali karibu yote yanahusu wazee na pesa za kuwatunza. Nimeyafupisha.

Dada yangu ana miaka 70, yuko Marekani. Kampuni imempandishia sana ada ya bima ya matunzo ya muda mrefu, anataka kuiacha. Aiache? (Sakina, Arusha)

Asiiache kabla hajaisoma barua yao mpaka mwisho. Bima hiyo humlipia mtu asiyejiweza tena: kwa kawaida akishindwa mambo 2 kati ya 6, yaani kuoga, kuvaa, kula, kwenda chooni, kuzuia haja na kutoka kitandani, au akili ikipotea kiasi cha kuhitaji mtu wa kumwangalia. Medicare, bima ya serikali ya wazee wa kule, hailipii matunzo hayo ya kila siku. Medicaid, ile ya serikali ya watu maskini, hulipa, ila kwa aliyebaki karibu mikono mitupu. Na chumba cha peke yako kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa kilizidi dola 120,000 kwa mwaka, kwa bei ya kati ya 2024.

Ada zinapanda kwa sababu kampuni zilikosea hesabu tangu mwanzo. Zilipouza mikataba miaka ya 1980 na 1990 zilidhani wateja wengi wangechoka na kuacha njiani, zibaki na pesa zao. Hawakuacha. Riba nayo ikashuka, hasa baada ya 2008, akiba ikawa haizai, na watu wakaishi miaka mingi zaidi wakihitaji msaada. Kampuni haiwezi kumpandishia dada yako peke yake. Hupeleka maombi kwa mamlaka ya bima ya jimbo, ikapandisha kwa kundi zima.

Mara nyingi barua hiyo huwa na njia ya katikati: abaki na ada ileile lakini mafao yapungue, kwa mfano alipiwe miaka 3 badala ya 5. Kwa umri wake mimi ningechagua hiyo. Akiuliza bima mpya leo, atatajiwa bei ya miaka 70, kama watamkubali.

Kwa nini huko wanawake hutozwa zaidi? (Njiro)

Huishi zaidi, hivyo hudai zaidi. Kihesabu sawa. Mimi bado inanikera, maana ni haohao waliowatunza waume zao bure.

Mama alilazwa hospitali ya KCMC kwa kiharusi, sasa yuko nyumbani. NHIF, bima ya afya ya taifa, itamlipa dada anayemhudumia? (Majengo, Moshi)

Pole sana. Hapana. Kadi ni ya matibabu: daktari, vipimo, dawa zilizo kwenye orodha, kulazwa. Pampasi za watu wazima, uji wa lishe, teksi ya kwenda kliniki na mshahara wa dada vinatoka mfukoni. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 nayo ni ya matibabu. Asikudanganye mtu kwamba italeta wa kumgeuza mama usiku.

Nina miaka 58. Nikate bima ya matunzo, kama ile ya Marekani, hapa nchini? (Ngaramtoni)

Shikamoo mzee. Wakala akija, muulize hivi: nikishindwa kuoga mwenyewe lakini sijalazwa popote, mtanilipa shilingi ngapi, kuanzia siku ya ngapi? Akianza habari za kifo au karo za wajukuu, hiyo ni bima nyingine. Akijibu sawasawa, hakikisha kampuni ina leseni ya TIRA, mamlaka ya bima nchini, na jibu lake liwe ndani ya mkataba. Wajerumani wameifanya bima ya matunzo kuwa ya lazima tangu 1995, Wajapani tangu 2000. Kwetu mshahara haukatwi kitu kama hicho, kwa hiyo mimi ningeanza na vipande vya UTT AMIS, mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ambavyo unaweza kuviuza ukikwama.

Ndugu zangu wako Dar, hutuma chochote wanapokumbuka. Mimi ndiye niliyebaki kihambani na baba. Niwadai? (Kibosho)

Wadai, tena kwa maandishi. Desemba wakipanda wote kwa Krismasi, waketishe kabla mbuzi hajachinjwa. Andika matumizi ya mwezi mmoja, kitu kwa kitu, na saa zako uzihesabu kwa bei ambayo mngemlipa mtu wa nje. Kila mmoja apewe kiasi chake na tarehe ya kutuma, baba awe mzima au mgonjwa, maana pesa ya kuchangishana usiku wa dharura haitoshi kamwe. Atakayesema unamuuzia baba matunzo, muulize kama atabaki Januari. Akikubali, mkabidhi funguo na ratiba ya dawa.