Ukitumwa Addis Ababa kikazi

Mswahili akifika Addis anadhani kwenye saa hana la kujifunza. Ni kweli nusu. Waethiopia nao huhesabu saa kama sisi, jua likichomoza ndiyo hesabu inaanza, na saa tatu asubuhi yao ni saa tatu asubuhi yetu. Shida inakuja mkiandikiana kwa Kiingereza. Sisi huko tunageuza saa bila hata kufikiri. Wenyeji wengine wanageuza, wengine wanaiacha vilevile. Ukiandikiwa mkutano ni 3:00, uliza papo hapo kama ni asubuhi au alasiri, la sivyo utafika wenzako wameshamaliza.

Lakini kinachowatesa wageni zaidi ni tarehe. Ethiopia ina miezi 13: 12 ya siku 30 kila mmoja, na wa mwisho, Pagume, wa siku 5 au 6. Mwaka mpya wao huingia Septemba, na hesabu yao iko nyuma ya yetu kwa miaka 7 au 8 kutegemea mwezi. Sasa chukua stakabadhi ya kuandikwa kwa mkono. Umelipa Machi 20, 2025. Mwenye duka anaandika 11/7/2017, na kwake hakuna kosa, kwa sababu ni tarehe 11 ya Megabit, mwezi wao wa saba. Ukirudi Dar kurejesha masurufu, mhasibu anasoma Julai 2017 na kukuangalia usoni. Kwa hiyo kabla hujatoka kaunta, omba waandike na tarehe ya kwetu pembeni, kisha wagonge muhuri. Hawashangai, wamezoea kuombwa hivyo.

Majina nayo yana utaratibu wake. Jina la pili ni la baba, si la ukoo, kwa hiyo mtu huitwa kwa jina lake la kwanza, likitanguliwa na Ato (Bwana) kwa mwanamume, au Weyzero (Bibi) kwa mwanamke aliyeolewa. Waziri Mkuu Abiy Ahmed ni Dk. Abiy, ukisema Dk. Ahmed umemtaja baba yake. Kagua orodha ya wajumbe kabla ya kuchapa vibao vya mezani.

Ukiandaa chakula cha mchana, angalia siku. Jumatano na Ijumaa waumini wa Kanisa la Orthodox hufunga: hawali nyama, mayai wala maziwa, na wengi hawagusi chochote mpaka mchana. Kwaresima yao ni siku 55. Agiza injera, ule mkate wao mwembamba kama chapati, yenye shiro (mchuzi mzito wa unga wa jamii ya kunde), dengu na mboga. Kwa maoni yangu ndicho chakula kitamu kuliko vyote mjini hapo, hata kwa sisi walaji nyama.

Kuhusu hali ya hewa, beba sweta. Mji uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa pwani ataliona hilo kwenye ngazi. Kama ofisi iko ghorofa ya nne na lifti haifanyi kazi, toka hotelini mapema upande polepole, usije ukajitambulisha huku unahema.