Chambo cha sato na kambale wa bwawani

Ndugu yangu wa Masasi, umeuliza kama ununue visamaki vya plastiki kwa ajili ya sato na kambale waliopandwa kwenye bwawa la mjomba wako. Viache dukani. Muulize kwanza mjomba anawalisha nini, maana samaki wa kufugwa huzoea chakula chake. Kama ni pumba na mashudu ya ufuta, kanda ugali mgumu, changanya na mashudu hayohayo, finyanga vidonge vidogo kama punje ya kunde. Mdomo wa sato ni mdogo, kwa hiyo tumia ndoana ndogo na mshipi mwembamba. Nyungunyungu nao wanampendeza sana. Jike anayeatamia mayai mdomoni hali kitu, huyo usimhangaikie.

Kambale hutafuta kwa harufu: mwekee utumbo wa kuku au dagaa, chubwi, ule uzito wa kwenye mshipi, ishushe chambo mpaka chini, jioni giza likiingia.

Ukikuta alfajiri samaki wanahema juu ya maji ya kijani, hewa imepungua bwawani. Kunja mshipi, umwambie mjomba aongeze maji safi haraka.